Ganesha wako wa mbao ana vitundu? Jaribu karatasi nyeupe

Kama una Ganesha au Lakshmi (miungu ya Kihindu) wa mbao aliyechongwa kwa mkono na umeanza kuona vitundu vidogo vidogo, usikimbilie dawa kwanza. Mfute na brashi laini kavu, muweke juu ya karatasi nyeupe, muache wiki mbili tatu hivi. Ukikuta unga mpya pale chini ujue bungua (wadudu wanaokula mbao) bado wamo ndani wanatafuna, ule unga ndo wanaousukuma nje, ila karatasi ikibaki safi mara nyingi ni vitundu vya zamani tu. Usiisogeze sanamu wala kuigonga, unga wa zamani nao hudondoka ukakudanganya (mimi nilishaponzwa hivyo). Na kipindi cha baridi kipimo hiki hakiaminiki sana, wadudu wanapoa, rudia joto likirudi.