SOMO: Ringi ya kaboni imepasuka, waranti wamekukatalia

Ringi ya alumini ya baiskeli ikiingia shimoni inapinda, unaipeleka kwa fundi wa Ngamiani hapa Tanga, anainyoosha, jioni uko barabarani. Kaboni, yaani nyuzi za kaboni zilizopangwa matabaka na kushikwa kwa gundi, haina mazungumzo hayo. Inabeba, inabeba, halafu inaachia. Ikiachia, jibu la kwanza la mtengenezaji mara nyingi ni neno moja: umeigonga. Somo hili ni la kujua kama kweli umeigonga, na kama hukuigonga, namna ya kumwonyesha hivyo mtu aliye Taiwan au Ujerumani ambaye hajui hata Tanga iko wapi. Maneno yako hayatamshawishi. Kitakachomshawishi ni pale ufa ulipoanzia.

Hatua ya 1: Usiguse kitu

Shuka, kokota baiskeli au panda bodaboda. Usitoe tairi, usilegeze spoku, usifute vumbi. Kama tairi bado lina upepo, pima presha kwanza uandike. Wengi huharibu ushahidi ndani ya dakika kumi za mwanzo kwa sababu fundi wa jirani ameshaitoa tyubu "aione pancha".

Hatua ya 2: Picha, tairi likiwa bado mahali pake

Piga gurudumu zima pande zote mbili. Piga namba ya utambulisho (kwa kawaida iko karibu na tundu la valvu au ndani, chini ya utepe unaofunika matundu ya spoku) na kibandiko cha presha ya juu kabisa inayoruhusiwa. Ufa upige kwa mbali, kisha kwa karibu ukiwa na rula pembeni. Piga sehemu ya tairi inayogusana na ufa, na upande wa pili wa ringi palepale. Ndipo utoe tairi na tyubu, upige na vyenyewe. Tyubu usiitupe hata kama imekuwa tambara.

Mwanga wa mchana wa saa saba haufai, unafuta kila kitu. Weka ringi karibu na mlango asubuhi, jua liingie kwa ubavu. Uvimbe wa nusu milimita utaonekana kwa kivuli chake.

Hatua ya 3: Tafuta ufa wote, si ule unaouona tu

Osha kwa maji na sabuni, kausha, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti ya hospitali. Spiriti hukauka haraka juu ya rangi nzima, lakini ikiingia kwenye ufa hubaki: utaona mstari mwembamba mweusi ulio bado mbichi wakati kwingine kote kumeshakauka. Una sekunde chache tu, kwa hiyo kamera iwe tayari mkononi.

Baada ya hapo pitisha pamba. Inaponasa kuna nyuzi zilizokatika. Tumia pamba, usitumie kidole: kibanzi cha kaboni kikiingia kwenye ngozi kinakatikia ndani.

Mwisho, gonga kwa sarafu ya shilingi 100, kila baada ya sentimita mbili, mzingo mzima. Kaboni nzima inalia kwa sauti kali na fupi. Matabaka yakiwa yameachana sauti inakuwa ya kufa, kama kugonga boksi. Zungushia eneo hilo kwa utepe wa karatasi. Linganisha sehemu zinazofanana tu, maana karibu na valvu na kwenye maungio ringi ni nene na sauti hubadilika bila ubovu wowote.

Hatua ya 4: Soma ufa

Hapa ndipo penye kazi.

*Mdomo wa ringi umepondeka.* Ufa mfupi pale tairi linaposhikia, rangi imebanduka, kingo zimesagika, pengine na upande wa pili vilevile. Tyubu ina matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka. Huko ni kugonga, usijidanganye. Presha ilikuwa ndogo au shimo lilikuwa kubwa. Waranti ya kasoro za kiwandani haitakulipa, na ukiandika kwamba "ilipasuka yenyewe" wataona unadanganya kisha hawatakusikiliza hata kwa ulilo na haki nalo. Badala yake uliza mambo mawili: kama wana bei ya punguzo kwa ringi iliyoharibika ajalini, na kama waranti yao inafunika kugonga wakati wa kuendesha. Baadhi ya watengenezaji siku hizi wanafunika, na mnunuzi hajui kwa sababu hakusoma.

*Mdomo umefunguka kwa nje.* Ufa mrefu unaofuata mzingo, bila alama ya kugongwa. Mtuhumiwa wa kwanza ni presha. Ringi zisizo na kulabu mdomoni ("hookless", hazina ukingo uliojikunja kushika tairi) zina kikomo cha bar 5, yaani psi 72 hivi, hata kama ubavuni mwa tairi pameandikwa namba kubwa zaidi. Kikomo kidogo kati ya viwili ndicho kinachotawala. Kompresa ya fundi pancha isiyo na geji inapita hapo kwa kufumba na kufumbua. Kama una pampu ya geji na unajua ulijaza psi 65, andika hivyo.

*Nyufa kwenye matundu ya spoku.* Hii ndiyo kesi yako nzuri kuliko zote. Shimo la barabarani huponda mdomo wa ringi. Haliendi kuacha mdomo mzima na kupasua matundu sita upande wa ndani. Hapo chanzo ni mkazo uliozidi au matabaka dhaifu, na kama spoku zilifungwa kiwandani, vyote viwili ni vyao. Pima kwa kipima mkazo kabla ya kulegeza chochote. Ringi nyingi za kaboni hufungwa kilo 100 hadi 120 kwa spoku za upande uliokazwa zaidi (nyuma ni upande wa gia), na upande wa pili huwa chini sana ya hapo, kwa hiyo usiogope tofauti. Tairi likijaa upepo mkazo hushuka kidogo. Andika kama ulipima likiwa na upepo au bila. Lakini kama fundi alishaikaza upya baada ya kuinunua, mlango huu umeegeshwa: watasema ni yeye.

*Uvimbe kwenye uso wa breki.* Ni kwa ringi za breki za raba tu. Chanzo ni joto la breki, na hesabu ya mteremko wa Lushoto inatosha kulieleza: mtu na baiskeli kilo 85, kushuka mita 1,000 kuja Mombo, ni kilojuli 830 hivi. Sehemu inachukuliwa na upepo, inayobaki inakwenda kwenye raba na ringi. Gundi inayoshika nyuzi za kaboni ikipata joto kupita kiwango chake inalainika, na presha ya tairi inasukuma ukuta nje. Swali la kwanza watakalouliza: ulitumia raba gani? Zikiwa za ringi ya alumini, kesi imekufa. Zikiwa zile walizozitaja kwenye kitabu chao, zipige picha zikiwa bado kwenye breki.

*Sauti ya kufa chini ya rangi nzima.* Hakuna mkwaruzo, tairi zima, tyubu nzima, lakini sarafu inasema kuna utupu. Ukifungua utepe unaweza kuona mikunjo au sehemu kavu isiyo na gundi ya kutosha. Hiyo ni kasoro ya kiwandani, mpaka wathibitishe vinginevyo.

Hatua ya 5: Andika barua fupi

Mpelekee muuzaji kwanza, nakala kwa mtengenezaji. Wewe ulimlipa muuzaji, mkataba uko kwake. Weka tarehe ya kununua, risiti (ya EFD kama ni duka la hapa), namba ya ringi, tairi na upana wake, presha, uzito wako, aina ya raba kama ni breki za raba, na nani aliyewahi kugusa spoku. Kisha aya moja tu ya ubovu, mfano:

"Nyufa ziko kwenye matundu 6 ya spoku upande wa gia, picha namba 4 hadi 9. Mdomo wa ringi hauna alama, tairi na tyubu havina mkato. Mkazo uliopimwa ni kilo 112 hadi 118, ndani ya kikomo chenu. Naomba ringi mbadala au fedha yangu. Nasubiri jibu ndani ya siku 14."

Usieleze barabara ya Pangani ilivyokuwa zamani, usiandike "labda", usitaje shimo ambalo halihusiki. Na kama lipo shimo linalohusika, usilifiche.

Hatua ya 6: Wakikataa

Jibu la "ni kugonga" peke yake si jibu. Waombe kwa maandishi: alama gani ya kugonga waliyoiona, iko picha ipi, na kifungu gani cha waranti. Wengi hulegea hapa, kwa sababu aliyejibu mwanzo alitazama picha moja kwenye simu. Kama uliwapelekea ringi, andika kwamba hairuhusiwi kuharibiwa na kwamba unataka irudi.

Ulilipa kwa kadi? Angalia siku. PayPal inapokea malalamiko ndani ya siku 180 tangu kulipa, na kwa kadi za benki muda wa kawaida ni siku 120 hivi, hivyo piga benki yako mapema. Barua pepe za "tunaendelea kuchunguza" zina tabia ya kuendelea mpaka siku ya 121.

Muuzaji akiwa Tanzania una mahali pa kusimama. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji auze kitu kinachofaa kwa kazi yake, na Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, ndiyo yenye kazi ya kumlinda mlaji. Peleka bahasha moja: risiti, barua zote kwa mpangilio wa tarehe, picha zenye namba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Chumbageni: Fundi, shikamoo. Gurudumu langu nati za spoku zimekatika tatu ndani ya miezi miwili, ringi yenyewe nzima. Nakaa karibu na bahari. Nidai waranti?

Jibu: Marahaba. Zitazame kwanza: zina unga mweupe? Basi ni nati za alumini. Kaboni ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na Tanga upepo wenyewe una chumvi. Kutu mara nyingi imetolewa kwenye waranti, ila jaribu kama gurudumu halijafika mwaka. Kwa vyovyote badilisha zote, si tatu, uweke za shaba ya manjano. Uzito unaongezeka gramu chache tu. Na usiendelee kuendesha, maana spoku moja ikilegea jirani zake ndizo zinazobeba.

Mwanachama, Pongwe: Nimenunua baiskeli ya mtumba, ringi za kaboni, ukuta umepasuka. Mtandaoni wameandika "waranti ya maisha".

Jibu: Mara nyingi ni maisha ya mnunuzi wa kwanza, kaka. Wewe wa pili kwa kawaida haikuhusu. Waandikie hata hivyo uombe bei ya punguzo, wapo wanaokubali kuuza ringi tupu. Habu na spoku zinaweza kutumika tena kama vipimo vinafanana.

Mwanachama, Mombo: Fundi hapa anasema atapaka gundi ya epoksi na kitambaa cha kaboni, elfu sitini. Ufa uko mdomoni.

Jibu: Mdomoni hapana. Pale ndipo tairi linaposukuma muda wote, na vipimo vyake ni vya sehemu ya milimita. Fremu hutengenezwa na wanaoijua kazi, lakini mdomo wa ringi ukiachia kwenye mteremko wenu huo tairi linatoka. Tena ukishaipaka gundi, umewapa sababu ya kukataa madai.

Mwanachama, Raskazone: Wamekubali, lakini wanataka niikate ringi kwa msumeno niwatumie picha. Ni utapeli?

Jibu: Si utapeli. Kusafirisha gurudumu kurudi kwao ni ghali kuliko faida yao, ndiyo maana wanataka kuhakikisha halitauzwa. Lakini usikate mpaka wakuandikie: "tumeidhinisha mbadala", aina ya ringi, na nani analipa usafirishaji na ushuru bandarini. Kata nje, weka maji kwenye msumeno, vaa barakoa, vumbi lake baya. Kata mbali na ufa. Kipande chenye ufa kiweke kabatini mpaka mpya ifike.

Mwanachama, Muheza: Dada yenu nimenunua kwa mtu wa Dar niliyemwona mtandaoni, nikalipa kwa simu, risiti hakunipa. Sasa hapokei.

Jibu: Pole dada. Ujumbe wa muamala una jina, kiasi na tarehe, huo ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za aina hiyo. Piga picha za skrini za tangazo na mazungumzo yote leo, kabla hajafuta. Kisha mwandikie ujumbe mmoja wa madai, wenye siku 14, kwa namba ileile uliyolipia. Asipojibu, ukienda FCC ama mahakamani utakuwa na tarehe mkononi. Ringi yenyewe ufa uko wapi? Tuma picha.

Mwanachama, Muheza: Karibu na tundu la valvu, upande wa ndani. Mdomo mzima.

Jibu: Gonga sarafu kulia na kushoto kwa tundu, kila sentimita mbili, halafu urudi utuambie sauti inabadilikia wapi. Kabla ya hapo usimwandikie mtu.