Kutafuta silinda inayomisi katika gari la zamani

Injini ya gari la zamani inapoanza kumisi, yaani silinda moja inaposhindwa kuwasha petroli yake vizuri, usikimbilie kununua vipuri, kwa maana plagi zenyewe, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda, hueleza mengi. Zima injini, subiri ipoe, kisha uzifungue moja moja na kuzipanga kwa mfuatano wa silinda: ncha ya kahawia hafifu ni nzima, masizi makavu huashiria petroli iliyozidi au cheche dhaifu, na utelezi wa oili huashiria ringi za pistoni au sili za valvu zilizochakaa. Plagi unayoishuku ihamishie silinda nyingine. Hitilafu ikihama nayo, mkosaji umempata. Isipohama, washa injini gizani, mahali pa wazi, utazame waya za plagi bila kuzigusa, kwani cheche za buluu zinazorukia chuma hufichua waya uliopasuka.