Jinsi ya Kukadiria Hatari ya Mitambo ya Upepo kwa Viumbe wa Bahari ya Unguja na Pemba

Kabla mitambo ya upepo haijapangiwa mahali popote katika bahari yetu, orodha ya viumbe iandaliwe kwa kufuata misimu, si ramani pekee. Nyangumi wa nundu hupita wakati wa kusi, hasa kuanzia Julai hadi Septemba, ilhali ndege wengi wahamao kutoka kaskazini ya dunia huwa fukweni kwetu wakati wa kaskazi. Uchunguzi wa msimu mmoja, hata ukifanywa kwa ustadi, utawaacha wengi nje ya hesabu.

Kisha kila kiumbe kipimwe kwa maswali mawili: hukaa kiasi gani katika eneo hilo, na akikutana na mitambo atadhurika vipi. Mwaka 2004, Garthe na Hüppop wa Ujerumani walitoa vigezo 9 vya ndege wa bahari, kila kimoja kikipewa alama 1 hadi 5 (5 ikiwa ya hatari kubwa zaidi), vikiwemo urefu wa kuruka, wepesi wa kugeuka hewani, kuruka usiku na woga wa vyombo.

Hapa ndipo umakini mkubwa unapohitajika: hatari ya kugongwa na panga za mitambo zinazozunguka isijumlishwe na hatari ya kufukuzwa malishoni. Ndege anayeikwepa mitambo kwa mbali hagongwi, lakini hupoteza chakula. Asiyeiogopa hubaki na chakula chake na kuhatarisha maisha yake. Wastani wa alama hizo huficha maangamizi ya wote wawili. Kwa buabua, ndege wa bahari wa kisiwa kidogo cha Fungu Mbaraka wanaotaga yai moja tu, kifo cha mzazi mmoja ni pigo lisilozibika upesi, kwa hiyo masafa wanayokwenda kutafutia makinda chakula yajulikane kwanza.

Pomboo wa Kizimkazi hawadhuriwi na panga bali na kelele za kupigilia nguzo chini ya maji. Katika mkondo wa Pemba, ambao kina chake ni kikubwa mno kwa nguzo, mitambo ingelazimika kuelea, na hapo la kuchunguzwa ni minyororo na nyaya za kuishikilia. Kwa kasa wanaotaga katika visiwa vya Misali na Mnemba, taa za mitambo zipimwe pia, kwa kuwa mwanga huweza kuwapotosha.

Wavuvi wa usiku na wa dago (wanaopiga kambi mbali na kwao) waulizwe bila kutiliwa maneno kinywani, na majibu yao yawekwe safu yake. Pale ambapo taarifa hazipo, isiandikwe alama ya katikati kana kwamba jambo limepimwa. Iandikwe alama ya chini na ya juu inayowezekana, na uamuzi wa eneo ufuate ile ya juu.