Mimina nusu kikombe, raha ya chai idumu

Kwa baridi hii ya Juni na Julai huku Mbeya, usijaze kikombe cha chai. Mimina nusu, funga chupa vizuri, weka simu mbali, kunywa taratibu, kisha kaa kama dakika 10 ndipo umimine nusu ya pili. Pua na ulimi huzoea ladha upesi, ndiyo maana utamu mwingi uko kwenye mafunda ya mwanzo. Pumziko fupi hurudisha hamu, na tangawizi utaisikia upya, tena ya moto. Ukiwa na njaa au kiu kali haisaidii, mwili unataka kushiba kwanza. Chupa isiyotunza joto nayo inaharibu kila kitu: isuuze kwa maji yanayochemka kabla ya kutia chai.