Jinsi ya Kucheza Outer Wilds Bila Kuchoshwa na Marudio

Wengi huiacha mapema Outer Wilds (2019), gemu ya kuchunguza sayari kwa chombo cha angani, maana kila baada ya dakika 22 jua linalipuka na unaamka tena palepale kando ya moto. Mimi naipenda gemu hii kupita kiasi, kwa hiyo nisikilizeni.

Usishindane na saa. Ulichogundua hakipotei, kinabaki kwenye kumbukumbu za chombo chako. Zisome kabla ya kuruka, chagua swali moja tu, nenda nalo.

Utamu wenyewe uko kwenye sayari pacha. Mwanzoni mapango ya Ember Twin yako wazi, kisha mchanga unamiminika kutoka Ash Twin na kuyajaza taratibu. Mapango ya chini yaingie mapema, la sivyo mchanga utakuinua hadi ukubane kwenye dari. Ash Twin iache baadaye, minara yake ikishafunuka. Ukishaizoea ratiba hiyo, marudio yenyewe ndiyo yanakusaidia.

Ukichoka kusubiri mlipuko, nenda kwenye sayari ya Giant's Deep ukaongee na Gabbro, msafiri mwenzako wa angani. Atakufundisha kutafakari, uanze mzunguko mpya utakapo. Na tafadhali, majibu usiyatafute YouTube.