Mnahama na watoto? Waandikieni barua kwanza

Tulipohama Kampala kwenda Gulu, kaskazini mwa Uganda, nilijaribu kuwaeleza wanangu kwa mdomo. Hawakusikia kitu, walikuwa wanalilia marafiki. Usiku nikaketi nikamwandikia kila mmoja barua kwa mkono, akaisoma tukiwa njiani. Wazazi wenzangu, jaribuni.

Usijaze maneno ya kuwatuliza tu. Waandikie mambo watakayokutana nayo. Mimi niliandika kwamba tutavuka Nile pale Karuma, na kwamba kuanzia Desemba hadi Machi huko ni kiangazi chenye joto kali na vumbi, si kama Kampala, kwa hiyo chupa ya maji isikosekane mkobani. Niliwaandikia na malakwang, mboga yenye uchachu inayopikwa kwa siagi ya karanga au ufuta, ili wasikunje uso mbele ya mwenyeji aliyewakaribisha mezani.

Lililosaidia kuliko yote ni salamu za Kiacholi, lugha ya huko Gulu. Ukiulizwa "Itye nining?" jibu "Atye maber", na asante ni "apwoyo". Kwa mwanangu mdogo hili lilikuwa na uzito zaidi, maana madarasa matatu ya mwanzo ya msingi mtaala unataka wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na yeye Kiacholi hakuwahi kukisikia.

Chini ya barua acha nafasi tupu, mtoto aandike analoliogopa. Mwanangu mkubwa, aliyejifanya hana wasiwasi, aliijaza yote.