Kuuza Trekta la Urithi: Kwanza Liondoeni Mteremkoni

Kuanzia Ismani hadi bonde la Usangu, si ajabu kukuta uani Massey Ferguson 135 la marehemu baba, kuku wakitagia kwenye kiti chake na warithi saba wakilitajia bei saba.

Kikwazo cha kwanza huwa ni hao warithi, wala si injini. Kadi ya usajili wa trekta ingali na jina la marehemu, na mnunuzi mwenye akili timamu hatamlipa kaka mkubwa kwa sababu tu ndiye anayetunza ufunguo, hasa ikizingatiwa kwamba mengi ya matrekta haya huwashwa hata kwa bisibisi. Kikao cha ukoo kimpendekeze msimamizi wa mirathi, muhtasari upelekwe Mahakama ya Mwanzo, na akishateuliwa ndipo auze na kushughulikia uhamisho wa umiliki Mamlaka ya Mapato (TRA).

Katika kupanga bei, ni kweli kwamba ndilo lililompeleka mama kujifungua usiku wa masika, lakini mnunuzi kutoka Ubaruku amefuata haidroliki, yaani mikono ya nyuma inayonyanyua plau. Ulizeni matrekta ya aina hiyo yanayolima yanauzwaje, kisha toeni gharama za matengenezo. Bei ya chuma chakavu kwa kilo iwe sakafu yenu, msikubali kushuka chini yake.

Msipake rangi. Nimeona familia iliyopaka nyekundu mbichi hadi juu ya kibati cha namba, na siku ya kulinganisha namba hiyo na kadi ikabidi mjomba akwangue kwa wembe huku mnunuzi akihesabu kutu zilizokuwa zikijitokeza. Osheni matope na grisi, inatosha.

Mnunuzi makini hufika alfajiri na fundi wake, naye huanza kwa kuipapasa injini kama anayempima mtoto homa. Akiikuta ya moto, atajua mmemtangulia. Iacheni iwake ikiwa baridi mbele yake. Moshi mweupe kidogo katika asubuhi ya Julai ya Makambako unasameheka, ila wa bluu unaoendelea hata injini ikishapata moto ni dalili kwamba inakula oili, na ni heri mseme wenyewe. Vilevile, trekta ambalo daima huegeshwa mteremkoni ili liwake kwa kuserereka halidanganyi mtu: betri imekufa. Nunueni nyingine kabla ya kutangaza kwamba "linawaka bila tatizo".

Fungeni plau ya sahani tatu, muinyanyue. Ikianza kushuka yenyewe kabla hamjamaliza kusalimiana, sili za haidroliki zimechoka, ingawa kwa urefu wa salamu za Kihehe tungeipa nafasi ya pili.

Uzeni Septemba au Oktoba, wakati fedha za mahindi zingalipo na mvua za Novemba zinawatia watu haraka. Malipo yapitie benki, na mkataba usainiwe mbele ya mashahidi. Siku ya kukabidhi, hamisheni kuku mapema, maana mayai hayamo kwenye mkataba.